Upepo wa Mgongoni

Viti vya mbele vya ukumbi wa uchunguzi vilikuwa vya kampuni ya ndege. Wangeci alipoketi kimojawapo kwa makosa, karani alimwinua kwa kidole tu, akamwonyesha benchi la nyuma. Hapo alikuwapo mama mmoja wa Loresho, ambaye binti yake alikufa katika ndege aliyoirusha Muchiri, mume wa Wangeci. Mama yule alivuta mkoba wake karibu. Hakumsalimu mjane wa rubani.

Leo atanisalimu, Wangeci alijiambia. Leo Mbithi atasema.

Mbithi, mzee wa kanisa lao la Kinoo, ndiye mtaalamu aliyepewa rekodi za rada achambue mwendo wa ndege kabla haijaanguka. Wiki iliyopita alikunywa chai jikoni kwa Wangeci, akamweleza kwa upole.

"Mama Ciru, rada hupima mwendo juu ya ardhi tu. Ukikimbia huku upepo unakusukuma mgongoni, ardhi inapita mbio, lakini usoni husikii kitu. Na ndege hubebwa na upepo wa usoni. Siku ile ulivuma mkali kutoka nyuma. Ukiutoa huo, mwendo ulikuwa unapungua hata kabla Muchiri hajakata kona. Injini ilikuwa imechoka."

"Aliwaambia wakubwa wa kampuni. Wakasema airushe hivyo hivyo."

"Nami nitasema, mbele za Mungu."

Wakapiga magoti pale sakafuni, wakaomba.

Sasa Mbithi alikuwa amesimama mbele ya jopo la uchunguzi, ghorofani katikati ya jiji, ndani ya suti ambayo Wangeci hakuwahi kuiona kanisani. Ukutani ulimulikwa mstari mwekundu, mwendo wa Muchiri hadi mwisho wake.

"Mwendo ulitosha," alisema. "Injini ilikuwa inavuta vizuri. Rubani alikata kona kwa ghafla."

Wangeci alingoja sentensi inayofuata. Mbithi akaketi.

"Na upepo?" Alijikuta amesimama. "Mzee Mbithi, si uliniambia kuhusu upepo?"

Wakili wa kampuni alicheka. "Mama, hapa si kanisani. Ushuhuda ni Jumapili. Keti."

"Mtaalamu, una la kuongeza?" mwenyekiti aliuliza.

Mbithi alinyoosha mkono, akazima mashine. Mstari ukatoweka ukutani. "Sina, mheshimiwa."

"Basi kosa ni la rubani."

Mama wa Loresho aligeuka. Hakupaza sauti. "Mume wako ameniulia mtoto."

Mbithi alimfuata Wangeci hadi dirishani, nje ya ukumbi.

"Mama Ciru, kampuni ikifungwa, ni jamaa ngapi zitalala njaa? Mambo mengine tumwachie Bwana. Tuombe."

Alimshika mkono kama kila Jumapili, akafumba macho. "Baba, mpe dada yetu moyo wa kukubali..."

Kwa mara ya kwanza maishani Wangeci hakufumba yake. Kule juu ya mapaa ndege yenye mkia wa manjano wa kampuni, pacha wa ile ya Muchiri, ilipita na abiria wake, ikielekea uwanja wa Wilson.

"Amina," Mbithi alisema, akabaki ameushika mkono wake, akingoja amina yake.