Mitego Mitupu

"Mitego mingapi leo?" aliuliza Mama Mizani. Kaa wa kaka yake walikuwa bado wanakwaruza kapu.

"Arobaini," kaka alijibu kwa sauti ya chini, wasimsikie wenzake kwenye foleni.

Wavuvi wa kaa hawataji idadi ya mitego. Kilo watazitangaza hata kwa wapita njia, ila mtego mtupu ni aibu, nani atatangaza aibu? Mama Mizani, aliyempimia mnunuzi kaa kwenye banda lile kwa miaka tisa, aliwatania mpaka wakasema. Akishajaza kilo kwenye daftari la mnunuzi, alichukua rula, akapima upana wa kila gamba, akaandika yote kwenye daftari lake mwenyewe. Hakutumwa na mtu. Jamani, kuna watu na viatu.

Asubuhi hiyo afisa wa uvuvi alipekua daftari la mnunuzi, akatabasamu. "Miaka mitatu, kilo ni zilezile. Kaa wapo. Nitaruhusu mitego iongezwe."

Foleni ikachangamka. Mama Mizani alimtazama kaka yake. Kilo zilezile, mwaka juzi kaka alizipata kwa mitego kumi na mitano tu. Akisema, kijito wanakovua kitafungwa, na kaka ana watoto watano wanaolishwa na kijito hicho. Akinyamaza, kaa watakwisha.

Akatoa daftari lake.

"Dada," kaka alimshika mkono, "nilikwambia wewe. Sikuiambia serikali."

"Najua. Nisamehe, kaka yangu. Lakini mficha uchi hazai."

Afisa alianza kusoma amesimama, halafu akaomba kiti. Hakuinua kichwa mpaka kapu la mwisho likapimwa.

"Mama, kazi hii umesomea wapi?"

"Hapahapa mezani."

Kijito kilifungwa miezi sita. Kaka akatafuta kibarua cha kupakua magunia, na kwa dada hakukanyaga. Wavuvi wengine walimsalimu Mama Mizani kwa kukohoa. Ilimuuma sana, na hakumficha yeyote aliyemuuliza.

Siku ya nane tangu kijito kifungwe, kaka alifika na mkokoteni wa mitego. Akaipanga ukutani kwa dada, maana kwake hakukuwa na nafasi.

"Kaa watarudi?" akauliza.

"Mimi nimeandika waliokuja. Wajao siwajui."

Kaka aliketi chini, akavuta mtego uliotoboka, akaanza kuushona. Dada akaja kumshikia upande wa pili.