Kofia ya Jino la Mwalimu Anold

Miaka yote aliyokuwa mwalimu mkuu, Mwalimu Anold alikagua meno ya wanafunzi gwarideni kila Jumatatu, na aliyekutwa nayo machafu alirudishwa kwao akapige mswaki. Ndiyo maana jino lake mwenyewe la mbele, upande wa kulia, lilipooza, daktari akalichonga na kulivika kofia ya muda, hakumwambia mtu yeyote nyumbani kwake. Kofia ya kudumu ilikuwa bado inatengenezwa Dar es Salaam.

"Mpaka ije, Mwalimu," daktari alimwasa, "usitafune kigumu wala kinachonata. Uzi wa kusafishia meno uchomoe kwa pembeni, usiuvute kwenda chini. Kofia ikitoka, ihifadhi uniletee. Gundi ya dukani usiiguse."

Mwalimu alitii kama mtahiniwa. Alikunywa uji, akala ndizi za kupondwa, na walipomuuliza akajibu kwamba umri wake unadai kiasi.

Jumamosi ikaja posa ya mjukuu wake, Doris. Wageni walitoka Kitaya, wakiongozwa na mzee Osvaldo, babu yake Joaquim, kijana aliyekuja kuposa. Ukoo wao ulikuwa na desturi yake: mzee wa binti hupewa kashata ya korosho, akaikata kwa meno, akala nusu na kumpa mzee wa kijana nusu ya pili. Akikata, amekubali. Asipokata, amekataa, na wageni huaga.

Sahani ikaletwa, kashata inang'aa kwa sukari.

"Mimi na sukari tumeachana," alisema Mwalimu.

Osvaldo aliishusha sahani magotini taratibu. "Korosho ni za shamba langu, Mwalimu."

"Sina shaka na shamba."

"Basi una shaka na kijana."

"Nileteeni kisu, nitaikata."

"Kwetu hatuposi kwa kisu," alidakia shangazi yake Joaquim, huku akianza kukunja kanga yake kama mtu anayejiandaa kuondoka.

Doris alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama babu yake, na macho yake yakaanza kujaa maji.

Mwalimu akaichukua kashata. Aliing'ata kwa upande wa kushoto, kwa hadhari kubwa, lakini sukari ilikuwa imeiva sawasawa: ikanyumbuka, ikashika na upande wa kulia. Akavuta. Ikakatika, na upepo baridi ukampiga mahali usipostahili kufika. Alipopapasa kwa ulimi akakuta kisiki. Kofia haikuwa mdomoni, na Osvaldo alikwisha kupokea nusu yake, ameachama.

"Mkwe, usile."

"Umeghairi?"

"Sijaghairi. Jino langu limo humo."

Osvaldo aliigeuza kashata kwenye mwanga wa dirisha. "Nami nikasema, korosho hii nyeupe wameimenya ikamenyeka."

Shangazi alicheka mpaka kanga ikamponyoka. Doris alicheka na kufuta machozi kwa mkono uleule.

"Gundi ninayo kwenye mkoba," alisema shangazi.

"Gundi ni marufuku," alijibu Mwalimu. "Inarudi kwa daktari."

"Lakini tuelewane kwanza," alisema Osvaldo, kashata bado mkononi. "Hapa umekata, au umekatwa?"

Mwalimu Anold alisimama wima kama yuko gwarideni, wala hakuziba mdomo.

"Nimekata, na wote mmeona. Binti mchukueni. Jino nirudishieni."