Dhahabu Isiyovuka Mto

Swaibu alioga dhahabu ikiwa shingoni. Vipande vitatu, kila kimoja ukubwa wa tende, vilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni ulioshonewa kwenye kamba ya kiatu. Maji ya bomba yalimchoma. Ilikuwa Julai, na ingawa ni saa mbili tu asubuhi, matangi ya juu ya paa yalikuwa yameshachemka. Nje walinzi waliotoka zamu ya usiku walikuwa wakigonga mlango.

"Yalla, ndugu! Hilo si bwawa la kuogelea!"

"Mwacheni, ana harusi leo," mwingine akasema, wakacheka.

Alivaa shati humo humo bafuni. Hii ilikuwa siku yake ya tatu katika chumba hicho cha mtaa wa Al Nahda, kwenye mji wa Waarabu, watu wanane, vitanda vya juu na chini, na hajavua shati mbele ya mtu. Walimwuliza amekuja kufanya kazi gani, akasema ulinzi. Walipouliza kampuni gani, akageukia ukuta. Alilala kifudifudi, kifua juu ya mfuko, na mtu akikohoa yeye huamka.

Chini alimkuta Sowedi, dalali wake, Mganda mwenzake aliyeishi mtaa wa Karama miaka kumi na miwili. Ndiye aliyempokea uwanja wa ndege na kuichukua pasi yake ya kusafiria, eti asiipoteze.

"Pasi yangu iko wapi?"

"Ipo."

"Ipo wapi?"

"Swaibu, unaniuliza kila asubuhi kama mke mwenye wivu. Ipo. Sikiliza: wakikuuliza dhahabu imetoka wapi, sema shambani kwako. Uganda, nyuma ya nyumba. Basi. Mdomo ufunge."

Swaibu aliupapasa mfuko juu ya shati. Kichwani alikuwa na sauti ya dada yake, Rukiya, aliyempigia alfajiri. Rukiya ni mke wa Jamiru, na Jamiru hakurudi. Yeye na Swaibu walikwenda wawili kuchimba Kongo, akatoka mmoja, na dhahabu juu. Baba mkwe hakuficha anachowaza: Swaibu amemuua mwanawe kwa ajili ya dhahabu. Sheikh wa kijiji naye alisema hawezi kumhesabia Rukiya eda bila ushahidi wa maandishi wa mtu aliyeona kifo, wenye siku na mahali. Maneno ya simu hayatoshi. Kikao cha kuliamua ni Ijumaa. Kwa hiyo Rukiya alikuwa amekaa tu nyumbani kwa wakwe, hajulikani kama ni mke au mjane, anapakuliwa chakula baada ya wote na kuangaliwa kama mwenye siri.

"Andika, kaka," alisema. "Andika upige na muhuri, wakuamini."

Swaibu hakuwa amefika nyumbani. Waliotoa fedha za safari walimpandisha ndege siku nne tu baada ya kutoka msituni, kabla hajabadili mawazo. Aliishia darasa la tano. Muhuri angeupata wapi?

Ofisi ya wanunuzi wa dhahabu ilikuwa mtaa wa Deira, ghorofa ya tisa, baridi kama jokofu. Meneja alikuwa na shati jeupe na hakuwapa mkono. Kando yake aliketi Terry, binti Mkenya, mwenye kompyuta, kazi yake kutafsiri. Swaibu alifungua mfuko na kuvimimina vile vipande mezani, akaweka kiganja pembeni yake.

"Mwambie asivipeleke nisikoona."

"Wacha wasiwasi," Terry akasema. "Hapa kuna kamera kila kona."

"Kamera ni za nani?"

"Za kampuni."

"Haya."

Terry akacheka, na hapo kidogo Swaibu akamwamini. Sauti yake ilikuwa ya nyumbani. Meneja aliuliza kitu, Terry akageuka: "Anataka kujua dhahabu imetoka wapi, na ilifikaje. Ninaandika, unaweka sahihi, tunapiga muhuri."

"Muhuri?"

"Ndiyo. Wa ofisi."

Sowedi alimkanyaga mguu chini ya meza. Swaibu akauvuta mguu. Karatasi, sahihi, muhuri, na mtu wa kuandika mwenye akili: vyote viko hapa, na Ijumaa bado siku mbili. Akaanza kusema.

Alisema walichimba miezi kumi na minne, ng'ambo, msituni. Kurudi ilikuwa siku kumi na moja kwa miguu, tope la magotini, siku nyingine hawaoni anga kwa majani. Kila baada ya siku moja au mbili kuna mti umelazwa njiani na vijana wenye bunduki na mabuti ya mpira, wanapekua mpaka midomo. Ndipo Jamiru akatoa shauri: wamchane mguu, kidonda kiwe cha kweli, dhahabu ifungwe ndani ya bandeji. Nani atagusa usaha?

"Nilimchana mimi," Swaibu akasema. "Kwa wembe. Vizuizi saba tulipita. Wanaona bandeji, wanaziba pua, wanasema piteni. Siku ya saba mguu ukavimba kama mgomba. Siku ya tisa akawa ananiita jina la baba yake. Tukafika mtoni, hakuna mtumbwi, kuna kamba tu. Maji yalikuwa yamejaa, yakamchukua..."

Akavitazama vipande mezani. Kulikuwa na jambo moja ambalo hata Rukiya hakuambiwa. Dhahabu aliifungua mguuni mwa Jamiru asubuhi ile, kabla ya mto. Aliona ni busara. Jamiru alimtazama akifungua bandeji, akasema, "Sasa una haraka gani na mimi?" Hawakusemezana tena.

Alipoinua macho aliona vidole vya Terry havigusi kompyuta.

Meneja akauliza. Terry akamjibu kwa Kiingereza, kwa ufupi.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba umechoka na safari ya ndege." Akashusha sauti. "Brother, nikitafsiri hayo, atawafukuza hapa. Dhahabu ya kule haishikiki. Mtaishia kuuza vichochoroni, na huko mtanyang'anywa."

"Lakini huyu hajui imetoka kule?"

Terry alimtazama meneja, aliyekuwa akisafisha miwani.

"Anajua. Wote wanajua. Shida ni kuandika."

"Na mtu aliyekufa?"

"Kwenye fomu hakuna mahali pake."

"Khalas, yaishe," Sowedi akasema. "Msomee ya kawaida."

Ya kawaida ilikuwa imeshachapwa; nafasi ya jina tu ilikuwa wazi. Terry akaisoma polepole kwa Kiswahili. Mimi Swaibu nimechimba dhahabu hii mwenyewe, shambani kwangu, nchini Uganda. Sijawahi kuvuka mpaka kwa kazi hii. Sikuwa na mwenzangu. Hakuna mtu aliyeumia wala kufa.

"Hii karatasi inakwenda wapi?"

"Inakaa kwenye faili."

"Haitoki?"

"Inakaa kwenye faili, brother."

Alitia sahihi, herufi moja moja. Muhuri ukapigwa, wa bluu, wa duara, mzuri kuliko wa mkuu wa wilaya.

Kijana mwenye glavu alikuja kuchukua vipande. Swaibu akainuka naye, akamfuata hatua kwa hatua mpaka kwenye kioo cha chumba cha tanuru. Aliona kama ni kuibiwa, ataibiwa hapo. Alihesabu: kimoja, viwili, vitatu, vikaingia chunguni. Aliangalia mikono, mifuko, mikunjo ya glavu. Alipoona vyake vimeyeyuka na kuchanganyika na vya watu wengine asiowajua, bado hakupepesa macho. Nyuma yake, Sowedi aliinamia meza akaipiga picha ile karatasi, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la waliotoa fedha, wajue mzigo umepokelewa. Baba yake Jamiru alikuwemo. Aliuza ng'ombe wawili kuchangia safari.

Terry alimshika bega. "Njoo. Kuna picha moja tu, halafu umemaliza."

Kulikuwa na pazia jeupe, taa mbili, mpiga picha Mfilipino. Wakati wanarekebisha taa, simu ikalia. Ujumbe wa sauti. Aliuweka sikioni. Rukiya hakuwa analia.

"Kaka. Wamenisomea karatasi yako hapa uani, mbele ya watu wote. Baba mkwe amemwita na mwalimu aisome mara ya pili. Inasema hukuvuka. Inasema ulikuwa peke yako, hakuna aliyekufa. Tena ina muhuri. Sasa mume wangu umemwacha wapi?"

Akausikiliza tena. Akabonyeza kujibu, akafungua mdomo, na Sowedi akaichukua simu mkononi mwake taratibu, kama alivyochukua pasi.

"Baadaye. Wanakungoja."

Walimvalisha kofia ya mgodini, nyeupe, mpya, bado ina nailoni. Walimpa sepetu iliyong'aa. Meneja, aliyekuwa sasa anatabasamu kwa mara ya kwanza, alisema maneno kwa Kiingereza.

"Anasema ufurahi kidogo," Terry akatafsiri, macho yakiwa sakafuni. "Ni ya kuweka ukutani, wateja wamwone mchimbaji."

Kofia ilikuwa kubwa, ikamshukia mpaka kwenye nyusi. Mpiga picha alisogea, akamwinua kidevu kwa kidole kimoja, kama mtu anayekagua mbuzi mnadani, akarudi nyuma ya kamera yake.