Beti Tatu za Cóilín

Filamu iliyomtoa Muirne Dillane kwenye jukwaa dogo la Galway na kumpeleka Dublin, kisha London, ilikuwa ya mwaka 1958. Alicheza mjane. Kilio chake cha dakika mbili kando ya jeneza kilisifiwa na magazeti yote, naye hakumwambia mtu kwamba maneno ya kilio kile si yake. Aliyatunga jirani yao, Baibín, siku mwanawe Cóilín aliporudishwa maiti kutoka Uingereza, baada ya kufukiwa na udongo wa mtaro wa ujenzi. Filamu ilipofika ukumbi wa parokia, Baibín aliyasikia, akajitanda shali, akatoka. Yeye aliyekuwa akiitwa kuomboleza katika kila msiba hakuomboleza tena.

Sasa, miaka kumi na sita baadaye, maiti ya Baibín ilikuwa imelazwa chumbani mwake, rozari vidoleni. Muirne alikuja kwa treni ya asubuhi. Alitaka jambo moja tu: asamehewe.

"Nyota wa sinema huyo!" Nan Keady, bibi mmoja wa kijijini, alisema mlangoni. "Viatu hivyo vimewahi kuonja tope?"

"Vimeonja leo, shangazi."

Akampa mkono Sadhbh, binti wa marehemu. "Pole kwa msiba. Nimekuja kuomba radhi, dada. Nimechelewa."

"Aliyekosewa ni huyo hapo, na hajibu tena," Sadhbh alisema. "Mimi nina haja nyingine. Mama anaingia kaburi la Cóilín. Alitaka yale maombolezo yasemwe siku hii, lakini aliapa kwamba kinywani mwake hayatatoka tena, na hakunifundisha. Umebaki nayo wewe. Haya, omboleza."

Jikoni vikombe vikanyamaza. Muirne akasimama kichwani pa maiti. Ubeti wa kwanza ulikuja bila shida, wa pili pia. Katika wa tatu alitamka, "Mártan wangu."

Mártan lilikuwa jina la mume katika filamu.

"Nani huyo?" Nan aliuliza.

Muirne akaurudia ubeti kwa jina la Cóilín, kisha akakoma.

"Endelea," Sadhbh alisema.

"Ni hizo tu. Mwongozaji alichukua tatu."

"Na wewe je? Si ulikuwapo siku ile? Ulikaa pale kwenye kigoda, ukasikia zote. Kulikuwa na ubeti wa koti alilomshonea Cóilín."

"Najua, ubeti huo ulikuwapo."

Alilikumbuka koti lenyewe, la kijivu, mkono mmoja umerefuka kuliko mwingine. Neno la ubeti hakukumbuka hata moja. Zile tatu alikuwa amezisema redioni, majukwaani, na mezani kwa wageni, mara zisizo na idadi. Nyingine hakuwahi kuzirudia hata mara moja, hata peke yake.

Sadhbh alimtazama kidogo, bila hasira. "Basi," alisema. "Shangazi Nan, anzisha rozari."

Muirne akapiga magoti nyuma ya wote, akaitikia.