Doa la Sebuleni kwa Hortense

Wiki nzima Hortense, Mama Benita kwa majirani, hakutulia, utadhani amekalia siafu. Asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, kiganja chake kilikuwa ukutani. Akirudi kutoka soko la mtaa wa Kenya, mkoba bado begani, kiganja ukutani tena. Doa lilikuwa pale pale sebuleni, kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno, rangi ya kijani imevimba na kubanduka. Ubaridi wake ulimpanda mkononi hadi moyoni.

Doa lenyewe lisingemkosesha raha hivyo. Shida ni kwamba nyuma ya ukuta ule alikaa Marie-Thérèse, mpangaji wake wa miaka kumi na mmoja, na Hortense alikuwa ameshamwambia ahame. Alimshtaki tangu mvua za kwanza: unaogea chumbani, unamwaga maji, unanibomolea nyumba. Marie-Thérèse, mjane aliyemzidi umri, alikana mara moja tu, kwa sauti ya chini. Hortense akaona mtu asiye na kosa angepiga kelele zaidi. Akampa hadi Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Mtu akishapata wa kumlaumu hulala usingizi mzuri, na Hortense aliulala. Kisha Marie-Thérèse akaenda Likasi kwenye matanga ya kaka yake, akafunga chumba kwa kufuli, akakaa huko siku tisa. Siku zote tisa hakuna hata tone lililomwagwa nyuma ya ukuta, na doa likazidi kukua. Lilikua hata siku zisizo na mvua, mawingu tu yakiwa yamefunga juu ya mtaa wao wa Ruashi. Ukuta ulitoka jasho kabla tone la kwanza halijagonga bati.

Hapo ndipo usingizi ulipomkimbia. Alijiambia ni maji ya zamani, bado yanatoka. Alijiambia ni bomba, ilhali bomba la uani liko upande wa pili kabisa. Alizunguka nyumba, akachungulia paa, akarudi kugusa ukuta. Alitaka kujua, na wakati huo huo hakutaka. Angeweza kunyamaza tu: Jumamosi ingefika, mpangaji angeondoka, na hakuna ambaye angemuuliza kitu. Mawazo hayo yalimtia aibu, lakini hayakumtoka.

Ijumaa akapiga moyo konde, akamwita fundi Godefroid. Marie-Thérèse, aliyekuwa amerudi jana yake, akamfungulia fundi chumba. Sakafu ilikuwa kavu kila pembe. Godefroid akarudi sebuleni, akabandua kipande cha plasta kwa patasi, akachota kwa kidole unga mweupe uliotanda juu ya tofali, akauweka ulimini. Hortense akadhani mzee huyu amerukwa na akili. Fundi akatema nje ya mlango, akarudi.

"Mama, hii iko chumvi," akasema. "Hapa kulikuwaka nini?"

Hortense akafungua mdomo kusema hapakuwa na kitu, kisha akakumbuka. Kabla sebule haijawa sebule, ilikuwa ghala yake. Kwa miaka tisa alipanga pale katoni za makayabu, wale samaki wa chumvi waliomjengea nyumba hii. Ziliegemea ukuta ule ule hadi usawa wa kiuno, zikichuruzika maji ya chumvi kwenye tofali. Halafu akapata depo ya kuhifadhia sokoni, akahamisha mzigo, akapaka rangi ya kijani, akasahau. Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hivyo hawakukosea.

Godefroid akamweleza kwamba chumvi ikishaingia kwenye tofali haifukuzwi na rangi. Rangi huificha msimu mmoja au miwili tu, na hewa ikiwa nzito chumvi huyanywa maji yake. Plasta yote ya pale itabomolewa, na tofali zilizooza zitabadilishwa. Kisha akapunguza sauti, maana habari za ua ule alikuwa amezisikia. Mama akitaka, yeye atasema ni mvua, wala makayabu hayatatajwa.

Hortense akamsindikiza fundi hadi getini. Alizunguka na neno hilo jioni ile, akaamka nalo, na asubuhi alipolikuta godoro la Marie-Thérèse limeshafungwa juu ya mkokoteni, alikuwa bado hajui atasema nini. Miguu ikampeleka yenyewe.

"Yaya, haikukuwa weye," akasema, akimwita dada mkubwa. "Ni makayabu yangu. Chumvi iliingia mu ukuta."

Marie-Thérèse aliweka chini sufuria aliyokuwa ameishika. Hakuonyesha furaha wala mshangao.

"Miezi mbili niko naenda kuoga kwa jirani Ngosa, kule ngambo ya barabara," akasema. "Mu mvula, na hii goti yangu. Ili upate kuona ule ukuta haina na maji yangu. Mama Benita, ulikuwa unanionaka?"

Uongo ulikuwa karibu, na ulikuwa mwepesi. Hortense akauacha.

"Nilikuwa nakuonaka."

"Na ulikuwa unawaza nini?"

"Nilikuwa nawaza, anakimbia sababu anajua kosa yake."

Marie-Thérèse akatikisa kichwa polepole. Hakumtukana, na hilo likamuuma Hortense kuliko matusi. Akamwomba abaki, akamwambia chumba ni chake hata miaka kumi mingine, akamshika mkono. Marie-Thérèse akauacha mkono wake ushikwe kidogo, kisha akautoa. Akasema mambo ya ukuta yanasameheka, mtu hawezi kuona ndani ya tofali.

"Lakini mimi ulinionaka kila siku," akasema.

Akamwashiria mwenye mkokoteni. Hortense akasimama getini mpaka wakakata kona, kisha akaenda kwenye chumba cha nyuma. Sakafu ilikuwa imefagiwa hadi pembeni.