Fao la Komeo

Wachimbaji walimbandika mume wangu jina la Komeo kwa sababu zamu ikiisha hapandi lifti mpaka mtu wake wa mwisho atoke shimoni. Ni desturi ya wasimamizi wa mgodi, na yeye kaishika kama dini. Mimi imenifanya nipashe chakula moto maisha yangu yote ya ndoa.

Siku wachimbaji walipogoma, waligoma humohumo chini. Walizima mashine, wakaketi, wakakataa kupanda. Wasimamizi wengine walitoka mara moja. Komeo wangu akaketi na watu wake hadi kesho yake, walipokubali kutoka. Mgodi ukafungwa, wote wakarudishwa nyumbani, na mgogoro ukaendelea.

Wasimamizi hawamo kwenye chama cha wachimbaji, kwa hiyo wenzake walipewa fao la kukosa kazi. Letu likazuiwa. Ofisi ilisema aliyegoma hapewi, na aliyelala shimoni na wagomaji amegoma.

"Sema walikuzuia," nilimwambia asubuhi ya kwenda kusikilizwa. Jiko lilikuwa baridi, na mwenye nyumba alishaanza kutupita bila salamu. "Neno moja tu, baba watoto."

"Kumzuia mtu shimoni ni kosa la jinai. Kampuni inalisubiri neno hilo kwa hamu. Na mdogo wako alikuwa nasi."

"Mdogo wangu? Huyo anayekuita kibaraka mbele za watu?"

"Huyohuyo."

Nilitamani kumrushia sufuria. Wagomaji wanamwona mtu wa kampuni, ofisi inamwona mgomaji, na yeye yuko pale ananyoosha kola ya shati.

Afisa aliyetusikiliza alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya upole.

"Ulitaka kupanda?"

"Nilitaka."

"Mbona hukupanda?"

"Watu wangu walikuwa bado chini."

"Walikuzuia?"

"Hapana."

Akaweka kalamu chini. Alikuwa anamtafutia njia, na mume wangu haioni au hataki kuiona. Kisha akanigeukia mimi.

"Mama, wengine huogopa kuwataja wenzao. Nyumbani alikwambia nini? Alizuiwa?"

Nilimwaza mwenye nyumba. Nikamwaza mdogo wangu, niliyembeba mgongoni mama yetu alipokuwa kazini, anatiwa pingu kwa maneno yangu. Nikamtazama mume wangu. Hakunikonyeza wala kunisihi. Alikuwa ameinamia mikono yake, kama mtu aliyekwisha kunisamehe kwa lolote nitakalosema. Hilo ndilo lililonimaliza.

"Hakuzuiwa," nikasema. "Ndivyo alivyo huyu. Angebaki chini hata na mbuzi."

Afisa hakucheka. Alitupa pole, akasema ombi limekataliwa.

Kwenye ngazi Komeo akanishika mkono. "Ahsante, mama watoto."

"Usinishukuru."

Nilikuwa na hasira naye. Nilimpenda pia, na saa ile sikuona faida yoyote ya kumpenda.

Nje ya lango wagomaji walikuwa wamesimama na mabango yao, mdogo wangu miongoni mwao. Alipotuona akageuza uso. Nikamwendea, nikamfunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi, na machozi yakanitoka mbele ya wenzake.

"Dada, nani kakufanya nini?"

"Msalimie kwanza shemeji yako," nikamwambia.