Wimbo wa Mtoni Jukwaani

Tulipokuwa mazoezini Bungoma nilimwambia Tonny kwamba wimbo wa mtoni tusiuguse. Nilimwambia kwa sauti yangu ya kawaida, ya chini, ambayo huwafanya watu wengi waniombe nirudie. Yeye hakuniomba.

"Ni kipande kidogo tu, Nekoye," alisema. "Tunauweka katikati, wakati ngoma imeshuka. Watu watapagawa."

Tonny ndiye kiongozi wa bendi yetu na ndiye mwimbaji. Mimi hupiga kinanda. Dancan alikuwa mpiga gitaa, na ni yeye niliyekuwa nikimhofia. Kwao ni Mbita, kando ya ziwa, ambako kwa mila yao wanaume hawapashwi tohara. Alikuja Bungoma kusomea umeme katika chuo nilichosomea ualimu, akamaliza, akabaki kwa ajili ya muziki. Sisi Wabukusu hutahiri watoto wetu mwezi wa Agosti, mwaka mmoja tunatahiri na unaofuata tunapumzika, na Agosti hiyo ilikuwa ya tohara. Kila inapofika, huwapo wanaume wachache wanaogeuza shughuli ya watoto kuwa msako wa watu wazima. Humkamata mtu njiani, wakampaka matope na kumkimbiza kwa ngariba huku umati ukishangilia, apende asipende. Siku hizo Dancan alikuwa ameacha kwenda kwa kinyozi. Hata mkate nilimnunulia mimi.

Na wimbo wa mtoni una mahali pake. Huimbwa asubuhi, mtoto anapotolewa mtoni akiwa na matope mwilini, anapopelekwa nyumbani kwao kukatwa. Hauimbwi harusini, wala baa. Ukiuanzisha, umetangaza kwamba kuna mtu analetwa.

"Sasa wewe umekuwa nyanya?" Tonny aliniuliza. "Hizo ni za ushago, bana. Kitale tunakoenda ni mji."

Tulipokuwa tukikunja nyaya nilimnong'oneza Dancan asiende nasi. Alicheka kidogo.

"Nikikosa Stoo, nitakuwa nimepiga mazoezi ya nini mwaka mzima?" alisema. "Tonny ni rafiki yangu. Hawezi."

Stoo ni ukumbi wa muziki pale Kitale. Zamani ulikuwa ghala la mahindi, na jua likiwaka mabati bado hutoa harufu ya gunia. Mwenyewe anaitwa Edah, mama mnene mwenye macho makali, na Jumamosi hiyo alikuwa amealika bendi kutoka pande zote, tangu mchana hadi jioni. Alisema bendi itakayowashika watu ndiyo itakayopewa Jumamosi zote hadi Krismasi. Kwetu sisi, ambao tulikuwa tukipiga matangani na kwenye harambee, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Kwaya ya Kiminini iliimba kwanza, kwa majoho ya zambarau. Wakafuata wazee wa rumba, suti zimepigwa pasi hadi zinang'aa, wakacheza polepole kana kwamba sakafu ni yao. Kisha vijana wa rege wakaingia, na hapo ukumbi ukawaka. Watu walisimama juu ya viti. Baada yetu angepanda Chelangat na bendi yake ya Kikalenjin, nao tayari walikuwa na mashabiki wao waliokuja kutoka Endebess na kukaa safu nzima ya mbele.

Sisi tulikuwa na Khocha Makokha. Ni kaka yake mama yangu, anaishi Ndalu, na hupiga litungu, kinubi chetu cha nyuzi, vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nilimwomba mwenyewe aje. Alifika na tai na koti la mvua, akakagua spika moja baada ya nyingine.

"Haya masanduku ni ya nini yote?" aliuliza. "Kwani wanaosikiliza wako Uganda?"

"Khocha, ni ya sauti."

"Mimi sauti ninayo. Tunapiga za harusi, sivyo?"

"Za harusi, Khocha," nilisema, na nilikuwa nikiamini hivyo, kwa sababu kwenye gari Tonny alikuwa ameniambia ameuacha wimbo ule.

Tulianza na za harusi. Khocha aliketi kwenye kigoda, litungu kifuani, Dancan akamfuata taratibu kwa gitaa kama mtu anayetembea na mzee akimshika mkono. Nilidhani tunapiga vizuri. Lakini watu walikuwa wamerudi kwa nyama yao. Nilisikia vijiko. Mtu akapaza sauti, "Turudishieni rege, bana! Hii ni ya kulaza mtoto!" Wakacheka. Edah alikuwa kaunta, mikono kifuani, akizungumza na Chelangat.

Tonny alimtazama Edah. Halafu akageuka, akamwonyesha mpiga ngoma wetu kidole, na ngoma ikabadilika.

Niliijua kabla hajafungua mdomo. Mgongo wangu uliijua. Tonny aliuanzisha wimbo wa mtoni kwa sauti ya juu kabisa, ile ya alfajiri, na nusu ya ukumbi ikaitika. Hawakufikiri, waliitika tu. Wanaume waliokuwa na mifupa mikononi waliitupa. Walitoka kwenye viti wakapanga mstari, wakaanza kukimbia palepale, miguu ikipiga saruji kwa pamoja, vumbi la mahindi ya miaka mingi likashuka kutoka kwenye boriti.

Khocha Makokha aliondoa vidole kwenye nyuzi. Aliweka litungu magotini, akalifunika kwa koti.

Tonny alikuwa akitabasamu. Mashabiki walikuwa wake wote sasa. Kisha mwanamume mmoja mwenye shati la kijani, aliyekuwa mbele ya mstari, akapaza sauti:

"Omusinde ako wapi?"

Omusinde ni jina la ambaye hajatahiriwa. Alikuwa akicheka alipouliza, lakini wa nyuma yake alilirudia swali bila kucheka, na wa nyuma yake pia, na likazunguka ukumbi. Kama unaimba wimbo huu Agosti, lazima umlete mtu. Yuko wapi?

"Hata huyo mpiga gitaa!" mmoja akajibu kutoka kando. "Namjua mimi, ni wa ziwani! Anaishi kwetu Kanduyi, pale Bungoma!"

Tabasamu la Tonny lilibaki usoni lakini macho yalikuwa yamebadilika. Hakuacha kuimba. Baadaye alisema ni woga uliomfanya asiache, na hilo ninaliamini. Mtoto hutolewa mtoni kwa wimbo ule, na unapokoma ni kwamba amefika uwanjani na kisu kiko tayari. Kukoma ndiko kulikokuwa kubaya zaidi.

Nilimtazama Dancan. Alikuwa amesimama nyuma, kati ya ngoma na spika kubwa, akipiga kipande chake bila kukosea, jasho likimtiririka kidevuni. Nyuma yake kulikuwa na mlango ambao zamani malori ya mahindi yaliingilia, na ndani ya mlango huo mkubwa kijilango kidogo. Edah alikuwa tayari amefika hapo, funguo mkononi. Nilimwambia Dancan kwa midomo, "Nenda." Alitikisa kichwa, akaviangalia vidole vyake. Nilimwelewa. Gitaa likinyamaza, wote watageuka.

Kinanda changu kina sauti nyingi ambazo huwa sizitumii. Nilitafuta ile ya gitaa. Kwa haraka nikabonyeza filimbi kwanza, ikalia vibaya, kisha nikaipata. Nikaingia ndani ya kipande cha Dancan, noti kwa noti. Nilikuwa nimekisikia mara nyingi kuliko nilivyotaka mtu yeyote ajue. Kwa muda magitaa yalikuwa mawili. Dancan aliinua kichwa. Akapunguza sauti yake polepole kwa kidole kidogo, mpaka nikabaki peke yangu.

Aliliweka gitaa sakafuni nyuma ya spika. Akaokota waya, akauzungusha begani kama fundi, akainama akiufuata ukutani, akaukagua hapa na pale, hadi akatokea kijilangoni. Edah akafunga.

Niliendelea kupiga. Tonny alikuwa ameona. Sauti yake ilikatika, akataka kuumaliza wimbo, nikamtikisia kichwa. Aliurudisha mwanzo. Mstari wa wanaume ulikuwa umefika chini ya jukwaa. Nilikuwa nikifikiria tu ni wapi Dancan atakuwa sasa, kama amefika barabara ya lami, kama kuna tuktuk, kama kuna mtu amemwona akitoka. Nilikuwa nikipiga wimbo ambao si wangu kuupiga, ili asipatikane mtu wa kuimbiwa.

Mwenye shati la kijani alipanda jukwaani. Alitazama nyuma ya spika. Aliona gitaa limelala.

"Hii kitu inapigwa na nani?" alisema. Kisha akaja mpaka mbele yangu, akatazama mikono yangu. "Ni huyu msichana! Jamaa ameenda! Wametucheza!"

Edah alikata umeme.

Taa zilizimika, kinanda kikafa, maikrofoni ya Tonny ikafa. Mwanga wa saa kumi uliingia kupitia matundu ya mabati. Wimbo haukufa. Waliuendeleza wenyewe kwa vinywa na miguu, kwa sauti kubwa zaidi kuliko tulivyokuwa na masanduku yote yale, na nikaelewa kwamba tangu walipoitika mara ya kwanza hatukuwa tukihitajika.

Khocha Makokha alisimama juu ya kigoda chake. Kwa kweli alionekana kichekesho, tai imepinda, mkono mmoja umeshika koti. Alisema kwa Kibukusu, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde:

"Ni nani aliyewaalika?"

Waliokuwa karibu walinyamaza.

"Nauliza. Mtoto wetu hushika kengele mwenyewe. Huenda kwa mjomba wake, kwa shangazi yake, anapiga kengele anasema, njooni, nataka kuwa mwanamume. Nyinyi hapa, ni nani alikuja kwenu na kengele? Wewe, wa shati la kijani. Alikuja kwako?"

"Mzee, si wimbo umeimbwa?"

"Umeimbwa na mjinga. Nakuuliza kengele."

Mwenye shati la kijani alishuka jukwaani. Baadhi yao waliketi. Mmoja aliokota mfupa wake, akautazama, akautupa tena. Lakini si wote waliomsikia mzee, na si wote waliotaka kumsikia. Wengi wa mstari wa nyuma walitoka mbio kupitia mlango wa mbele, wakiimba, na tukawasikia wakizunguka ukuta kuelekea nyuma ya jengo, ambako Dancan alikuwa ametokea.

Nilikaa. Sikuweza kufanya kitu kingine. Tonny alikuja akachuchumaa kando yangu, akasema, "Nekoye, sikujua," na mimi, ambaye sijawahi kumjibu mtu vibaya, nikamwambia, "Ulijua. Nilikuambia." Alibaki amechuchumaa hapo hapo.

Ni Chelangat aliyetuletea habari. Dereva wao alikuwa amelala ndani ya gari la bendi nyuma ya ukumbi. Aliona mtu anakuja mbio na waya begani, akasikia wimbo, akafungua mlango bila kuuliza. "Ako kwa barabara ya Eldoret saa hii," Chelangat alisema. "Amelala chini ya viti na ngoma zetu juu yake. Sasa mimi nitapiga nini, sijui, lakini ako salama."

Alipanda jukwaani umeme uliporudishwa, akaimba bila ngoma, watu wake wakimpigia makofi. Aliimba vizuri sana. Sikuweza kumsikiliza.

Dancan alinipigia kesho yake, nikiwa nimerudi Bungoma, gitaa lake limeegemea kitanda changu. Alikuwa amefika Kisumu kwa dada yake. Sauti yake ilikuwa ya chini kama yangu.

"Ni wewe ulikuwa unapiga kile kipande?" aliuliza.

"Ni mimi."

"Nilikisikia mpaka ndani ya gari. Madirisha yamefungwa na bado nakisikia. Nikasema, hata gitaa yangu imebaki nao. Wananiimbia mimi na gitaa yangu mwenyewe."

"Ningenyamaza wangegeuka, Dancan. Wangekuona mlangoni."

"Najua. Nimekaa nikafikiria, nikajua." Alivuta pumzi. "Lakini nikifunga macho sisikii kujua. Nasikia ile kipande."

Nilimwambia kwamba Tonny amepewa Jumamosi zote hadi Krismasi. Edah alisema umati kama ule hajawahi kuuona, ila wimbo ule usirudi Stoo. Tonny alitaka kuja Kisumu kumwomba msamaha kwa mdomo wake. Niliyasema yote haya kwa haraka, ili nisije nikasema lile jingine.

"Mwambie nimemsamehe. Asikuje."

"Na mimi nikuje?"

Nilisikia mtoto wa dada yake akilia mahali, na redio.

"Nitumie gitaa tu, Nekoye. Weka kwa gari ya asubuhi."

Kwa hiyo nililifunga kwa blanketi langu na kamba. Kabla ya kulifunga nililegeza nyuzi, moja moja, kwa sababu gitaa likisafiri limekazwa, shingo yake huweza kupinda. Kila uzi nilipoulegeza ulitoa sauti ikishuka, ikishuka, mpaka ikawa si noti tena. Kituoni karani aliniuliza kama ni kitu cha kuvunjika. Nilisema ndiyo. Aliniomba nirudie, nikarudia kwa nguvu, watu kwenye foleni wakageuka kunitazama.

Tonny alipiga simu jioni kuuliza kama Jumamosi naweza kushika kipande cha gitaa kwa kinanda, maana nimeonyesha kwamba nakiweza. Nilimwambia atafute mtu mwingine.